Sauti ya Garam Mdomoni mwa Yunseul

Naapa kwa goti langu la chuma, lile daktari aliloniwekea baada ya goti la kuzaliwa nalo kugoma, kwamba habari hii ni kweli tupu, kuanzia ganda hadi kiini. Anayebisha na aje saluni kwa Bibi Mok, Mangwon, nyuma ya soko, ambako sisi wastaafu wachache tunashinda kutwa tukicheza karata za maua huku akinamama wakitiwa mawimbi kwenye nywele. Nimeisimulia pale mara nyingi, na mara zote Bibi Mok amenikatiza, kwa hiyo mkimsikia humu ndani msishtuke. Ndivyo alivyo. Mumewe alihamia kisiwa cha Jeju akisema anafuata machungwa, lakini sisi tunajua alifuata ukimya.

Kabla ya kustaafu nilikuwa dereva wa kampuni ndogo ya muziki. Ninaposema ndogo, ieleweni hivyohivyo. Ofisi na chumba cha mazoezi vilikuwa chini ya ardhi, na juu yetu kulikuwa na mkahawa unaouza miguu ya nguruwe iliyochemshwa kwa mchuzi wa soya. Wasichana walicheza na kutoka jasho huku harufu ya nyama wasiyoruhusiwa kuigusa ikiwashukia kupitia bomba la hewa. Mmoja aliwahi kuzimia katikati ya mazoezi, na alipozinduka neno la kwanza lilikuwa, "Leo wametia tangawizi nyingi."

Walikuwa wanne, na kundi liliitwa Yeondu, yaani ile rangi ya jani linapochipua. Wawili kati yao, Soha na Rihyeon, kazi yao ilikuwa kucheza na kutabasamu, na waliifanya vizuri, Mungu awape maisha marefu. Habari hii ni ya wale wawili wengine.

Tak Yunseul ndiye aliyesimama katikati. Ukimwona mara moja ulielewa kwa nini. Nilipompeleka kupiga picha ya kitambulisho, mpiga picha aliirudia mara nyingi mno, si kwa sababu imeharibika, bali hakutaka aondoke. Alikuwa pia na sauti nzuri alipokuja kwetu akiwa mtoto wa shule. Lakini walimwimbisha miaka mitatu bila kupumzika, koo likaota vinundu, daktari akaamuru anyamaze miezi kadhaa. Mkurugenzi wetu, Bwana Ban, akamnunulia asali na kumwambia aendelee. Ilipofika siku ya kuanza rasmi, Yunseul akiimba ulisikia kama mtu anayeburuta kabati sakafuni.

Guk Garam alisimama nyuma, upande wa kushoto, mahali kamera inapopita ikielekea kwingine. Babake ni fundi wa friji kule Gunsan. Uso wake ulikuwa wa kawaida, wa mtu unayemwomba akuelekeze njia. Lakini sauti, jamani. Siku moja alijaribu noti ya juu ndani ya gari langu tukiwa kwenye daraja la Seongsan, na kioo cha mbele kikapasuka kutoka kona hadi kona.

"Kilipigwa na jiwe," Bibi Mok husema hapo, bila kuinua macho kutoka kichwani kwa mteja.

Basi kilipigwa na jiwe. Lakini jiwe lenyewe lilisubiri hadi afike kwenye noti.

Mkurugenzi Ban alikuwa na uso mmoja na sauti moja, katika watu wawili. Akafanya kile alichokiita kuunganisha nguvu. Garam aliimba studio sehemu zake na sehemu zote za Yunseul, na kwenye jukwaa Yunseul akafungua mdomo juu ya sauti ya mwenziwe. Garam alishika maikrofoni iliyotolewa betri, isije sauti yake halisi ikasikika ikigongana na ile iliyorekodiwa. Kazi ya kutoa betri ilikuwa ya Ban mwenyewe. Alizitia mfukoni, na akitembea zilisikika zikigongana.

Garam alikubali kwa sababu kukataa kulimaanisha kurudi kwao, na kwa sababu ya ahadi. Nilikuwa nikiendesha gari siku Ban alipoitoa, akiwa amegeuza shingo kutoka kiti cha mbele.

"Mwanangu, siku tukishika nafasi ya kwanza, hata mara moja tu, wimbo utakaofuata utauimba kwa mdomo wako, na jina lako litaandikwa juu kabisa. Neno langu hili. Mjomba Pyo huyu ni shahidi."

Mimi niliangalia barabara. Lakini Garam aliishikilia ahadi ile kwa mikono miwili, na sababu yake niliijua. Babake alikuwa anaupiga wimbo wao wa kwanza, "Mwavuli Mmoja", dukani kwake tangu asubuhi hadi anapofunga. Siku moja akampigia simu binti yake kumpongeza kwa namna anavyocheza, kisha akaongeza kwa upole wa mzazi: huyo mwenzako wa katikati ana sauti ya ajabu, kaa karibu naye, jifunze kwake. Garam alituhadithia hayo garini huku akicheka. Wote tulicheka, hata Yunseul, mpaka tulipogundua kwamba Garam ameacha kucheka zamani na anatazama dirishani. Asingeweza kumwambia baba. Mkataba ulimkataza kumwambia mtu yeyote, na fundi wa friji wa Gunsan akijua jambo asubuhi, mchana linajulikana na soko zima.

Alichotaka Garam duniani kilikuwa hicho tu. Babake aisikie ile sauti na ajue ni ya nani.

Sasa, nafasi ya kwanza ilikuwa mbali na sisi kama mwezi. "Mwavuli Mmoja" ulitoka majira ya vuli na kufa kabla ya majani kuanguka. Tulizunguka kwenye sherehe za ufunguzi wa maduka ya simu, kwenye matamasha ya vitunguu saumu, na kwenye kambi za jeshi huko mpakani, ambako askari hushangilia chochote kisicho askari. Ban alianza kukata tamaa. Siku moja nilishuka chumba cha mazoezi nikakuta nusu yake imejaa kabichi za kachumbari ya majira ya baridi za ule mkahawa wa juu. Alikuwa amewapangisha. Wasichana walicheza kwenye nusu iliyobaki wakiruka vichwa vya kabichi.

Ndipo theluji ikaanguka Cheorwon, huko huko mpakani. Kule kambini, theluji ikianguka askari hufagia, na wakimaliza huanguka nyingine. Kikosi kimoja kiliamua kufagia kwa mpigo wa "Mwavuli Mmoja", mistari mitatu ya vijana na mafagio yao, wakigeuka pamoja na kuimba kiitikio kwa sauti za ng'ombe. Mmoja wao alipiga video. Ndani ya wiki nchi nzima iliiona, na wimbo uliokwisha kuzikwa ukafufuka na kupanda. Sijazidisha. Hata mashine ya kupanda ngazi ya hospitali ninakotibiwa goti ilikuwa inaupiga.

Ban alitoa kabichi mbio. Akapata nafasi kwenye kile kipindi cha muziki cha Jumapili, na mashabiki wakawasha taa zao za kijani, na watu wakapiga kura. Kila mtu ofisini alishughulika na kura. Nguo zilishonwa, nywele zikatiwa rangi, mizani ya kupimia uzito ikahamishiwa mlangoni mwa gari ili asiyepungua asipande. Jambo moja halikumpitia mtu yeyote akilini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa karibu nalo.

Mshindi huimba tena.

Ndivyo desturi ilivyo. Jina likitajwa, karatasi za rangi zikamwagika, washindi wakalia na kuwashukuru wazazi na mkurugenzi, basi muziki huanza upya bila sauti zilizorekodiwa, na kituo hufungua maikrofoni zote. Hapo washindi huimba kwa makoo yao huku majina ya watengenezaji yakipita chini ya kioo. Nchi nzima husikiliza kipande hicho kuliko wimbo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo uongo hufichuka. Kundi lililozoea kushinda hufanya mazoezi ya kushinda. Sisi tulifanya mazoezi ya kushindwa, ya kuinama kwa adabu na kuondoka kwa kushoto.

Nilikuwa nyuma ya pazia la pembeni nimebeba makoti manne marefu na vifuko vya joto. Jina la Yeondu lilipotajwa, niliona Soha na Rihyeon wakirukaruka. Nilimwona Garam amefunika uso kwa mikono, akilia kwa furaha, kwa sababu ahadi imetimia. Kando yangu Ban naye alikuwa anaruka, na betri zinagongana mfukoni. Kisha muziki ukaanza tena. Akaacha kuruka. Akautia mkono mfukoni akaushikilia humo.

Yunseul aliimba mstari wa kwanza. Lile kabati likaburutwa sakafuni mbele ya taifa. Mashabiki walipunguza kelele, kama watu waliosikia kitu kimevunjika chumba cha pili. Akajaribu wa pili, sauti ikakatika kabisa, akabaki mdomo wazi na machozi yanamtiririka, na muziki unaendelea bila mtu. Garam aliinua maikrofoni yake akaimba. Haikutoka kitu, kwa sababu ilikuwa mzoga wa maikrofoni.

Hapo Yunseul aligeuka. Angeweza kukimbia, angeweza kujifanya anazimia, wengi hufanya. Alitembea hadi nyuma, upande wa kushoto, akampa Garam maikrofoni yake. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Imba, dada. Ni wimbo wako."

Garam akaimba.

Nimesema mengi ya uongo katika maisha yangu, na hapa ndipo ningetamani kuongeza kwamba taa zilipasuka na wazee wakatupa magongo. Halikutokea lolote la namna hiyo. Msichana mwenye uso wa kawaida aliimba kiitikio, na ile sauti watu waliyoipenda majira yote ya baridi ilitoka mahali ilipokuwa siku zote. Mpiga kamera mmoja alishusha kamera yake akaangalia kwa macho. Kisha kipindi kikaisha, wakaweka tangazo la tambi za pakiti.

"Na babake alikuwa anaangalia?" huuliza Bibi Mok hapo, ijapokuwa anajua.

Alikuwa anaangalia. Duka lote lilikuwa limejaa majirani.

Tulirudi kwa gari. Yunseul alikuwa ameulaza uso begani kwa Garam. Garam alishika simu kwa mikono yote miwili akisubiri ilie, na ililia, babake huyo. Alikuwa anapiga kelele hata mimi mbele nikamsikia. Aliuliza, mwanangu, kumbe ni wewe? Ni wewe siku zote? Garam akafungua mdomo kujibu. Ban akageuka kutoka kiti cha mbele, akaichukua simu taratibu, akaizima. Akasema kwanza tuzungumze.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika kati yake na yeye mwenyewe. Asubuhi yake kampuni ilitoa taarifa. Ilisema kwamba Yunseul alikuwa na mafua makali, na kwamba kwa kuhofia hali hiyo kampuni iliandaa kanda ya sauti yake, na kwamba mwenzake Garam, kwa ujana na tamaa ya kuonekana, alinyakua maikrofoni na kuchezesha midomo juu ya kanda ile. Mnaelewa alichofanya? Siku moja pekee ambayo Garam aliimba kweli, ndiyo siku aliyoambiwa amedanganya.

Na watu waliamini. Waliupenda ule uso wa katikati, na ilikuwa rahisi kwao kuendelea kuupenda. Mashabiki wa Yunseul walileta maua mlangoni pa kampuni, mashada ya mazishi yenye utepe mweusi na jina la Garam. Mkahawa wa miguu ya nguruwe ulilalamika kwamba wateja wanadhani mpishi amekufa. Watu waliandika mambo kuhusu pua yake, kuhusu mamake, kuhusu Gunsan. Kuna aliyeandika kwamba mwizi wa sauti akatwe koo, na maelfu wakaweka alama ya kupenda. Nilikuwa nafika asubuhi kabla yao kuamka, nabeba mashada naenda kuyatupa kwenye pipa la soko, na asubuhi inayofuata nakuta mapya.

Soha na Rihyeon waliondolewa na wazazi wao. Yunseul nilimkuta siku moja ameketi garini peke yake, gari limeegeshwa, amefunga mkanda. Alitaka nimpeleke kituo cha televisheni akaseme ukweli. Niliwasha gari. Tulifika taa za kwanza, akaniuliza, watu watanifanya nini. Nikamwambia sijui. Taa ziligeuka kijani, walio nyuma yetu wakapiga honi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akasema, "Mjomba, rudi tu." Siku hizi anatangaza mafuta ya uso, na katika matangazo yale hatamki neno.

Magazeti yalipozidi kuuliza, Ban aliita mkutano. Akasema kwa sauti ya huruma, kama watu wana shaka, Garam mwenyewe asimame hapa aimbe, tumalize. Mimi nilidhani amerukwa na akili, kwa maana binti akiimba mistari miwili yeye amekwisha. Lakini Ban aliwajua wasichana wake kuliko nilivyodhani. Alimwacha kwanza siku nyingi kwenye chumba cha bweni pamoja na simu yake, asome yote yaliyoandikwa.

Siku ya mkutano Garam alivaa sweta la kijivu. Alisimama mbele ya kamera nyingi zikipiga picha mfululizo, ule mlio wa nzige. Walimpa maikrofoni yenye betri, Ban akawaonyesha waandishi kwamba ina betri. Garam akafungua mdomo. Niliona shingo ikikaza. Niliona mabega yakipanda. Haikutoka hata pumzi. Akajaribu tena, na tena, huku nzige wanalia, mpaka mwandishi mmoja wa kike akasema kwa sauti ya chini, basi, inatosha jamani.

Ban akainama kwa kina mbele ya waandishi, akaomba radhi kwa niaba ya kundi. Yeondu ikaisha hapo.

Nilimpeleka kwao mimi mwenyewe. Njia nzima hadi Gunsan hakusema neno. Kwenye kituo cha mapumziko nilimnunulia mipira ya viazi vya kukaanga, akala yote, akashukuru kwa kichwa.

Basi huwa sipendi kuwaacha watu mahali hapo, na haifai, kwa sababu habari haikuishia pale. Sauti ilirudi. Ilianza na mnong'ono, kisha mluzi, na siku moja ya masika alipokuwa anamshikia babake tochi nyuma ya friji, alijisahau akaimba, na friji iliyokuwa imekufa miezi sita ikanguruma ikawaka. Siku hizi anaimba kila Jumamosi kwenye ukumbi wa harusi ulioko karibu na bandari ya Gunsan. Maharusi wanapanga tarehe kwa kumfuata yeye. Na babake huketi mstari wa mbele katika kila harusi, hata za watu asiowajua, na suti yake ya bluu, analia kuliko mama wa bibi harusi.

Ndivyo ninavyomalizia, na ndivyo nilivyomalizia juzi. Kwa kawaida akinamama hufuta macho na mtu hunimiminia kahawa. Juzi Bibi Mok aliweka kitana chini.

"Pyo," akasema, "nimetoka Gunsan wiki iliyopita. Mtoto wa dada yangu ameoa."

Nikamwambia hongera.

"Karibu na bandari hakuna ukumbi wa harusi. Kuna ghala la samaki. Nikauliza duka la friji la akina Guk, nikaonyeshwa."

Mzee Ji, ambaye alikuwa anakaribia kunishinda, alilaza karata zake kifudifudi.

Bibi Mok alisema aliingia akajifanya ana friji inayovuja. Mzee mwenyewe alimkaribisha, mcheshi, akampa kiti. Akamuuliza kwa ujanja wake kama si yeye baba wa yule binti wa Yeondu. Mzee akasema ndiye. Akasema siku ile ya ushindi alidanganyika kidogo, hata yeye babake, akadhani ile sauti ni ya mwanawe, aibu gani, akawapigia kelele majirani. Baadaye magazeti yakamweleza vizuri. Hakumgombeza mtoto. Ujana ni ujana. Mwanangu hakuwa na sauti, alisema, lakini nenda kaulize, hakuna aliyecheza kama yeye.

"Na yeye alikuwa wapi?" nikauliza.

"Hapo hapo, Pyo. Ameketi sakafuni anafunga skrubu. Alimsikia babake hadi mwisho, akampa bisibisi nyingine."

Mashine ya kukaushia nywele iliendelea kuvuma. Bibi Mok alisema binti alimsindikiza hadi mlangoni, na pale akamuuliza waziwazi anaimba ukumbi gani, maana Pyo anasema ni bandarini. Binti akacheka kidogo.

"Akasema nikwambie, 'Mjomba aache kuniimbisha kwenye harusi za watu.'"

Niliuliza kama alisema kwa sauti. Bibi Mok akajibu kwamba binti alimwinamia karibu kabisa na kumnong'oneza, mpaka sikio lake likapata joto la pumzi.

Mzee Ji akasema tangu mwanzo alijua, friji haiwaki kwa kuimbiwa. Hakuna aliyemcheka. Bibi Mok alikuwa ananitazama mkono kiunoni, na mimi nikatoa pochi. Niliagiza tambi nyeusi za watu wote na sahani kubwa ya nguruwe wa kukaanga, na Bibi Mok akasema hata wale wawili walioko chini ya mashine wahesabiwe, kwa sababu nao wamelizwa bure.